Uchafu Hautoki Wenyewe: Mjadala wa Kichujio cha Mwani

Hoja iliyo mezani: Mwenye tangi la samaki jijini Nairobi na ajenge kichujio cha mwani.

Kifaa chenyewe hakina siri. Pampu inavuta maji kutoka tangini na kuyamwaga juu ya wavu wa plastiki uliokwaruzwa. Wavu unamulikwa kwa taa kali, mwani unaota juu yake badala ya kuota kwenye vioo, na unapokua unanyonya uchafu wa samaki ulioyeyuka majini. Kila baada ya siku kadhaa mwenye tangi anautoa wavu, anaukwangua, anautupa ule mwani, kisha anaurudisha wavu mahali pake.

Walter Adey, mwanasayansi wa Smithsonian mjini Washington, alijifunza mbinu hii kwenye miamba ya matumbawe, ambako mwani mfupi unaofunika mawe hukua upesi na kuliwa upesi. Akapewa hataza Marekani mwaka 1982. Mwaka 1987 akwaria kubwa ya Townsville, Australia, ilifunguliwa ikitumia mbinu hiyo hiyo kusafisha maji ya mwamba wake wa ndani. Baadaye wafugaji wa nyumbani waliirahisisha hadi ikabaki bomba moja lenye mpasuko, wavu mmoja na taa.

Swali ni kama kifaa hicho kina kazi Nairobi, mji wenye mgao wa maji, stima ya tokeni na vyumba vya kupanga. Walioketi ni wanne, na wote ni sauti za kubuni: Mfugaji kutoka Kileleshwa; Mama Samaki, muuzaji wa samaki wa mapambo kando ya Ngong Road; Fundi wa vifaa vya umeme wa Luthuli Avenue; na Mwalimu wa biolojia kutoka Kangemi. Mwandishi ndiye mwenyekiti.

DURU YA KWANZA: MWANI WA NINI?

MWENYEKITI: Mtoa hoja, karibu.

MFUGAJI: Asante, Bwana Mwenyekiti. Mimi nafuga mbuna, wale samaki wa rangi kutoka Ziwa Malawi. Tangi langu ni la lita 200, liko sebuleni, gorofa ya tatu. Mbuna ni wagomvi. Ukiwaweka wachache, mmoja anawanyanyasa wenzake mpaka wanakufa, kwa hivyo sisi huwajaza ili ugomvi ugawanyike. Ukiwajaza wanakula sana, wakila sana wanachafua sana, na kioo kinageuka kijani kabla wiki haijaisha. Nimetambua kwamba mwani utaota tu, nipende nisipende. Basi heri uote pale ninapotaka mimi.

MAMA SAMAKI: Bwana Mwenyekiti, naomba nimuulize kijana wangu jambo moja. Huo mwani wa kioo ulikosa nini? Nao unakula uchafu ule ule. Ukiukwangua kioo ukatoa mwani ukatupa, si umefanya kazi ile ile bila pampu wala taa?

MFUGAJI: Mama, ule wa kioo ukiukwangua nusu yake inatawanyika majini. Isitoshe, kwenye kioo unaota polepole kwa sababu taa ya tangi ni hafifu na maji yanapita taratibu. Kwenye wavu unapewa mwanga mkali na maji yanayokimbia, na chakula kinaufikia kila sekunde. Wa wavuni wenye nguvu unauacha ule dhaifu wa kioo na njaa.

MWALIMU: Hapo amesema kweli, na niongeze kidogo. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia mashavu. Katika tangi la kawaida bakteria wa kwenye sponji huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti huua samaki upesi. Nitrati haiui upesi, ila haina pa kwenda, inajikusanya tu. Sponji haiondoi uchafu, inaubadilisha jina. Mwani hunyonya amonia moja kwa moja, tena huipenda kuliko nitrati, na naitrojeni ile inakuwa mwili wake. Ukiutoa mwani umeitoa naitrojeni nyumbani.

MAMA SAMAKI: Ukiutoa! Neno liko hapo, Mwalimu. Na usipoutoa?

MWALIMU: Usipoutoa hujafanya kitu. Tabaka la juu linalizibia mwanga la chini. La chini linageuka manjano, linalegea, linabanduka na kuoza majini. Kila kilichonyonywa kinarudi.

MAMA SAMAKI: Basi hamhitaji kwenda Australia kutafuta mfano. Nendeni Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata. Lilijengwa mwaka 1953, na kuna wakati watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Maji taka yakaingia, gugumaji likaota. Gugumaji ni msafishaji hodari, linanyonya uchafu kama huo mwani wenu. Lakini nani alilivuna? Lilinyonya, likafa, likazama, likaota jingine juu yake. Bwawa likageuka shamba la majani. Wanaosema mmea utasafisha maji waanze kwa kutuambia nani ataubeba ule mmea nje.

MFUGAJI: Na mabwawa ya maji taka ya Ruai je? Sehemu kubwa ya maji taka ya Nairobi huishia pale, na kazi inafanywa na jua, mwani na bakteria. Mwani unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kuvunja uchafu. Mji mzima unategemea mwani, mimi nikiuweka sebuleni unasema ni mchezo?

MWALIMU: Usichanganye kazi mbili, ndugu yangu. Ruai mwani huwapa bakteria hewa, hauvunwi. Naitrojeni nyingi inaendelea na safari kuelekea mtoni. Wewe unataka mwani uwe mzigo wa kubebwa nje. Kwa hilo Mama amekushinda: Ruai haikusaidii.

DURU YA PILI: KUKIJENGA

MWENYEKITI: Kabla hatujafika mbali, Fundi atueleze kinavyojengwa, ili tujue tunabishania nini.

FUNDI: Kazi ni ya mchana mmoja. Anza na wavu. Kuna ule wavu mgumu wa plastiki wenye matundu madogo ya mraba, wanaotumia watu wa kudarizi; ulizia kwenye maduka ya nyuzi. Ukiukosa, tafuta wavu wowote wa plastiki usiopakwa rangi wala dawa. Wavu wa chuma usiguse, na wa shaba zaidi, shaba ni sumu kwa viumbe wengi wa majini. Kisha chukua kipande cha msumeno wa chuma uukwaruze pande zote mbili mpaka ukipitisha kidole unachoma. Wavu laini haushiki mwani. Utaota, utateleza, utazibia bomba.

MFUGAJI: Ukubwa?

FUNDI: Watu hukosea hapa, wanauliza tangi ni la lita ngapi. Wavu hupimwa kwa chakula unachowapa samaki, si kwa lita. Tangi kubwa lenye samaki watatu halihitaji wavu mkubwa. Wako wewe, tuseme upana wa sentimita 10 na urefu wa 15, na taa pande zote mbili.

Bomba ni la PVC la nusu inchi, la hadwea yoyote. Ziba ncha moja. Kata mpasuko ulionyooka wa sentimita 10, upana wa milimita tatu hivi, uingize ukingo wa juu wa wavu humo, ufunge kwa vifungio vya plastiki. Maji yatoke kwenye mpasuko yashuke pande zote mbili kwa utando mmoja usio na mapengo. Panapobaki pakavu hapaoti kitu. Hesabu lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, yaani lita 500 kwa saa kwako. Ila usinunue pampu iliyoandikwa 500. Ile namba ya kwenye boksi hupimwa bila kuinua maji. Ukiyapandisha nusu mita, inashuka vibaya. Nunua ya 1,000.

MAMA SAMAKI: Na maji yakitoka kwenye wavu?

FUNDI: Yanaangukia kwenye kasha la plastiki lililo juu ya tangi, yanarudi tangini kwa bomba la inchi moja. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wa gorofa hupata kesi na majirani. Kipande cha mwani kikibanduka kikaziba bomba la kurudi, pampu haijui. Itaendelea kujaza kasha mpaka limwagike, na dari ya jirani wa chini itakuwa ya kwanza kupata habari. Kwa hivyo toboa matundu mawili: la kwanza chini kwa kazi ya kila siku, la pili juu kidogo kama akiba. Kila moja liweze kubeba maji yote peke yake.

MWALIMU: Na umeme?

FUNDI: Kila waya uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia. Tone likiutambaa waya litaanguka sakafuni, halitafika kwenye soketi. Taa ziwe za LED za kuoteshea mimea, zile zenye mwekundu mwingi, au nyeupe ya joto ukizikosa. Zikae kama sentimita 10 kutoka kwenye wavu, na uzibe mwanga usifike kwenye mpasuko wala tangini. Saa 15 kwa siku. Wiki za kwanza utaona rangi ya kahawia na utelezi, usikate tamaa. Nywele za kijani huja baada ya mwezi mmoja au zaidi, na katika maji baridi huchelewa kuliko katika maji ya chumvi. Usikitoe kichujio chako cha zamani kabla ya hapo.

MAMA SAMAKI: Kwa nini taa? Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Jua saa 12, Januari hadi Desemba. Weka wavu dirishani.

FUNDI: Mama, umeisahau Julai. Mawingu wiki nzima, watu wamevaa makoti Kenyatta Avenue saa sita mchana. Mwani utalala, samaki hawataacha kula.

DURU YA TATU: HESABU YA JERIKENI

MWENYEKITI: Mwalimu uliomba kalamu na karatasi.

MWALIMU: Ndiyo, kwa sababu wote wawili wanazungumza kana kwamba kiasi hakina maana. Kijana, unawapa samaki gramu ngapi kwa siku?

MFUGAJI: Kama gramu mbili.

MWALIMU: Wiki ni gramu 14. Chakula cha kawaida kina protini kama asilimia 40, na protini ina naitrojeni asilimia 16. Kwa hiyo gramu 14 zimeleta karibu gramu 0.9 za naitrojeni. Samaki huweka mwilini labda theluthi. Gramu 0.6 hubaki majini, na zikigeuka zote kuwa nitrati ni karibu gramu 2.7. Gawanya kwa lita 200: nitrati inapanda miligramu 13 kwa lita kila wiki.

Sasa wavu. Sentimita 10 kwa 15, pande mbili, ni sentimita za mraba 300. Mbinu hii ya Adey, ikiendeshwa vizuri, huzalisha gramu 5 hadi 20 za mwani mkavu kwa mita ya mraba kwa siku. Nikupe 15, nikuonee huruma. Kwa wiki unapata gramu tatu na kitu za mwani mkavu, na naitrojeni ndani yake ni kama asilimia tano. Hiyo ni gramu 0.16 za naitrojeni, au gramu 0.7 za nitrati.

MFUGAJI: Kati ya 2.7.

MWALIMU: Karibu robo. Sasa linganisha na jerikeni ya lita 20. Tangi likiwa na nitrati miligramu 40 kwa lita, ukichota jerikeni moja ukaimwaga, umetoa gramu 0.8. Kwa maneno mengine, ukwanguaji wa wiki nzima, pampu na taa vikiwaka, umetoa pungufu kidogo ya jerikeni moja.

MAMA SAMAKI: Bwana Mwenyekiti, mimi naweza kwenda nyumbani sasa.

FUNDI: Keti, Mama. Bili bado. Pampu ya wati 10 mchana kutwa na usiku kucha, taa za wati 20 kwa saa 15: zaidi kidogo ya nusu yuniti kwa siku, yuniti 16 kwa mwezi. Kwa nyumba kubwa ya Lavington hizo si kitu. Lakini kwa mtu wa bedsita Kawangware, tangu Aprili 2023 bei nafuu ya stima huishia kwenye yuniti 30 kwa mwezi. Ukiwa unatumia 20, kichujio kinakuvusha mpaka, na bei ya kila yuniti inapanda, hata zile za kuchaji simu. Jerikeni nne kwa mwezi zitakushinda?

MFUGAJI: Naomba nijibu, maana mmenizingira. Kwanza, Mwalimu ametumia wavu mdogo. Nikiuongeza mara mbili napata nusu ya kazi. Pili, mwani hufanya kazi kila saa. Maji hubadilishwa mara moja kwa wiki, kwa hiyo uchafu hupanda siku sita na kushuka siku moja, na samaki huishi ndani ya uchafu huo unaopanda. Tatu, amonia inakamatwa kabla haijawa chochote. Hilo jerikeni hailiwezi. Nne, mbuna kwa asili hukwangua mwani kwenye mawe. Wa kwenye wavu ni chakula chao cha haki, nitawarudishia kidogo na kupunguza cha kununua.

MWALIMU: La nne lifute. Ukiwarudishia mwani umeurudisha uchafu uliotoa.

MFUGAJI: Mwani huo umechukua nafasi ya chakula kingine ambacho ningekinunua!

MWALIMU: Hapo sawa, mradi kweli upunguze kile kingine. Wengi hawapunguzi.

MAMA SAMAKI: Na hapo ndipo ninaposimama mimi. Wateja wangu wakija wanalia maji ya kijani, siwauzii kifaa. Nawauliza: nani hulisha? Mara nyingi ni watu watatu, baba asubuhi, mtoto akirudi shule, msaidizi wa nyumbani jioni, na hakuna anayejua mwenzake ameshalisha. Mkishika zamu, nusu ya shida imekwisha. Kwa nusu iliyobaki, chukueni tawi la mmea wa pesa, ule unaotambaa kwenye kila baraza la Nairobi. Mizizi iwe majini, majani yawe nje. Kaboni dioksidi unaipata hewani, mwanga dirishani. Hauli tokeni.

MFUGAJI: Mbuna wataila hiyo mizizi mpaka ibaki shina.

MAMA SAMAKI: Iwekee kikapu cha plastiki chenye matundu. Au uitie kwenye kichujio chako cha nyuma ya tangi.

MWALIMU: Mmea huo ninaukubali, kwa sharti lile lile: ukikua, upogoe. Jani lililokauka likaangukia majini nalo ni uchafu.

DURU YA NNE: MAJI YA HUMU MJINI

MWENYEKITI: Tumelinganisha kila kitu na jerikeni. Jerikeni yenyewe inatoka wapi?

MFUGAJI: Hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri. Mgao ulioanza Januari 2017, baada ya mvua kukosekana na maji ya bwawa la Ndakaini kupungua, ulituzoesha kuishi kwa ratiba. Kuna mitaa inayopata maji siku chache kwa wiki, na siku yenyewe yakikosekana unanunua kwa mkokoteni au jengo linaita boza. Mwalimu anasema jerikeni moja kana kwamba iko mlangoni. Mimi naipandisha ngazi mpaka gorofa ya tatu, na wiki nyingine maji ya kupikia yenyewe ni shida. Nikimwaga maji mazuri chooni kwa ajili ya samaki, nyumbani wananitazama vibaya.

MAMA SAMAKI: Usiyamwage bure, yatumie kuflashi choo. Au nyunyizia mimea, hayo ni mbolea.

MWALIMU: Mama anasema vyema, lakini kijana ana hoja, na nina mbili za kumwongezea. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka zaidi milima ya Aberdare, kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Ni maji laini, hayana madini mengi ya kuzuia asidi. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati wanazalisha asidi, na maji laini hushindwa kuihimili. Mbuna wanataka pH ya karibu 8. Mwani unapochukua nitrati hufanya kinyume, hurudisha ule uwezo wa kuzuia asidi. Kwa mtu wa mbuna anayetumia maji ya bomba, hiyo ni faida isiyoonekana kwenye hesabu ya jerikeni.

La pili ni hewa. Mji huu uko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kwa halijoto ile ile, maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Maji yanayoporomoka juu ya wavu huchukua hewa njiani. Na taa ya kichujio ukiiwasha usiku, tangi likiwa gizani, mwani unatoa oksijeni saa ambazo samaki wanaihitaji zaidi.

FUNDI: Kwenye bedsita taa ya zambarau usiku kucha? Mke atakuuliza umefungua klabu.

MWALIMU: Basi iwe na kifuniko. Ila sasa nimgeuzie kijana upande wa pili. Jengo lako lina kisima?

MFUGAJI: Kipo. Bomba la mji likikauka, keateka anafungulia kisima.

MWALIMU: Visima vingi vya upande wa magharibi, kuanzia Kileleshwa hadi Karen, vimechimbwa kwenye miamba ya volkano, na maji yake mara nyingi yana floraidi inayozidi kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa kwa maji ya kunywa. Mwani unataka naitrojeni na fosfati. Floraidi hauitaki, chumvi ya sodiamu hauitaki. Maji ya tangi yakipungua kwa mvuke, floraidi haiondoki nayo. Unaongeza ya kisima, inaongezeka. Mtu akikuambia kichujio cha mwani kimemwondolea kazi ya kubadilisha maji, mwulize anajazia maji gani. Nitrati yake itasoma vizuri, na mambo mengine hajawahi kuyapima.

MAMA SAMAKI: Na rangi. Nimeona matangi hayo, maji yana unjano kama chai ya rangi iliyozimuliwa.

MWALIMU: Lalamiko hilo ni la zamani, toka mifumo ya kwanza ya Adey. Mwani huvujisha vitu vinavyotia maji rangi. Mkaa wa kuchujia huviondoa, na kubadilisha maji pia.

DURU YA TANO: STIMA IKIPOTEA

FUNDI: Mwenyekiti, tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na ilichukua saa nyingi kurudi. Siku kama ile wavu unakauka. Mwani wa nywele ukikauka unakufa, na stima ikirudi pampu inausukumia tangini wote kwa pamoja, uoze. Aliyekuwa na sponji na pampu ndogo ya hewa ya betri alilala usingizi.

MFUGAJI: Dawa ipo, na unaiuza wewe mwenyewe.

FUNDI: Sikatai. Chukua pampu ya volti 12 na taa za volti 12, vyote viendeshwe na betri inayochajiwa. Stima ikipotea taa izime, pampu iendelee. Wavu ukibaki na maji, mwani utastahimili giza la siku nzima. Lakini ongeza gharama ya betri kwenye ile hesabu ya Mwalimu.

MAMA SAMAKI: Kila tukigeuka kuna kitu cha kununua.

MFUGAJI: Mama, nawe unauza samaki.

MAMA SAMAKI: Nauza, na nataka wadumu urudi kununua chakula. Lakini sitaki mseme mimi ni mpinzani wa kila kitu. Akija mtu wa maji ya chumvi nitanyamaza. Jerikeni moja ya maji ya bahari ya kutengeneza inataka karibu gramu 700 za chumvi maalumu, na chumvi hiyo huagizwa kutoka nje. Samaki wa matumbawe wanavuliwa kwetu Pwani, wengi wao wanasafirishwa nje ya nchi, na huku Nairobi wanaowafuga wanahesabika kwa sababu ya gharama hiyo. Kwa mtu huyo kila jerikeni aliyoepuka ni pesa halisi. Na kifaa kilitoka kwenye matumbawe, kirudi huko.

MWENYEKITI: Basi niseme ninavyoiona hoja baada ya kuwasikiliza. Mmebishania pampu, taa, bomba, mmea na jerikeni. Hakuna hata kimoja kinachoondoa uchafu. Sponji inaubadilisha, mwani unaushika, mmea unaushika, maji yanaubeba. Unatoka nyumbani wakati mtu ameubeba kwa mkono na kuupeleka nje, na kifaa kinaamua tu atabeba nini: ndoo ya maji, konzi ya mwani au matawi ya kupogoa. Anayenunua kichujio ili apumzike amenunua Bwawa la Nairobi dogo. Naomba marekebisho ya hoja.

MWALIMU: Napendekeza: Mwenye tangi na ajenge kichujio cha mwani iwapo kwa miezi miwili amebadilisha maji kila wiki bila kuruka, na akikijenga, aendelee kubadilisha, ingawa kwa kiasi kidogo.

MAMA SAMAKI: Naunga mkono. Aliyeruka wiki mbili apewe mmea wa pesa.

FUNDI: Naunga mkono. Na atoboe matundu mawili.

MFUGAJI: Mimi napinga. Marekebisho yameiua hoja. Mnamwambia mtu athibitishe kwamba hahitaji kifaa ndipo aruhusiwe kuwa nacho. Kuna watu wataweza kukwangua wavu wa ukubwa wa kiganja kila Jumamosi, ambao kamwe hawataweza kupandisha maji gorofa tatu. Uvivu una aina zake, na kifaa kizuri humfaa mvivu wa aina fulani. Nitajenga wavu wa sentimita 20 kwa 15, nitapima mwani kila wiki kwa mizani ya jikoni, na nikirudi hapa nitakuja na namba zangu.

MWENYEKITI: Kura tatu kwa moja. Hoja imepita ikiwa imerekebishwa, na mtoa hoja ameipinga.

MAMA SAMAKI: Na hizo namba, kijana wangu, upime mwani ukiwa mkavu. Mbichi tisa kwa kumi ni maji, na maji sisi tayari tunayo kwenye jerikeni.